Kusafisha utumbo kabla ya upasuaji: kuharisha peke yake hakutoshi

Waulize madaktari wa upasuaji watano, kila mmoja kutoka hospitali yake, mgonjwa wa utumbo mpana aandaliwe vipi siku moja kabla ya kupasuliwa. Usishangae ukipata majibu matatu au hata manne. Mmoja atasema anywe dawa ya kuharisha mpaka kitoke maji matupu. Mwingine atasema mwacheni, asisumbuliwe, ale chakula chepesi alale. Wa tatu atataka dawa ya kuharisha pamoja na vidonge vya antibiotiki. Wa nne atasema vidonge tu vinatosha. Wote wamesoma, na kila mmoja anaweza kukuonyesha utafiti unaomuunga mkono.

Mgonjwa na ndugu zake wakisikia hivyo huona kama madaktari wanabahatisha. Sivyo. Mvutano huu una historia inayoeleweka, na ukiifuata taratibu unagundua kwamba kwa miaka mingi maswali mawili tofauti yalikuwa yamefungwa katika fundo moja. Swali la kwanza ni kama utumbo unapaswa kuwa mtupu. La pili ni kama bakteria waliomo wanapaswa kupunguzwa. Watu wengi tulidhani kwamba ukilifanya la kwanza, la pili limejifanya lenyewe.

Tuanze na kinachoogopwa. Hakuna sehemu ya mwili yenye bakteria wengi kama utumbo mpana: gramu moja ya kinyesi hubeba bakteria wapatao bilioni 100, wakati mwingine zaidi. Wakikaa humo ndani hawana neno, tena wana faida. Lakini daktari anapokata kipande kibovu na kuunganisha ncha mbili zilizobaki, bakteria hao wanapata mwanya. Huenda kidonda cha tumboni kikatunga usaha, mgonjwa akabaki wodini wiki nyingine mbili akisafishwa kidonda kila siku. Au, na hili ndilo linalomkosesha usingizi kila daktari wa upasuaji, pale palipounganishwa pakaachia, choo kikavuja ndani ya tumbo. Mgonjwa wa namna hiyo mara nyingi hurudishwa chumba cha upasuaji, hutoka na tundu la choo tumboni, na baadhi yao hufa.

Kwa hiyo wazo la kuusafisha utumbo kwanza lilikuwa la busara kabisa. Utumbo ukiwa mtupu, hakuna cha kumwagika. Kwa muda mrefu mgonjwa alipigwa enema, akanyweshwa mafuta ya nyonyo, akakaa siku kadhaa kwa uji na maji ya supu. Katika miaka ya 1970 wako waliopitisha mpira puani hadi tumboni na kumwaga maji ya chumvi, lita kwa lita, mpaka yatoke safi upande wa pili. Wengine walitumia mannitoli, aina ya sukari inayovuta maji, hadi ilipobainika kwamba bakteria huichachusha na kutoa gesi inayoweza kulipuka ikikutana na cheche ya kifaa cha umeme cha kukatia nyama. Mlipuko wa namna hiyo uliua mgonjwa nchini Ufaransa, na habari zake zikachapishwa mwaka 1979.

Nafuu ilikuja mwaka 1980, pale unga wa polietilini glikoli, PEG kwa kifupi, ulipoanza kutumika. Unachanganywa na maji, kwa kawaida lita nne, na unapita tumboni bila kunyonywa wala kuvuta maji ya mwili. Ndiyo dawa salama kuliko nyingine za kundi lake, na taabu yake kubwa ni wingi na ladha. Mtu anaweza kutapika lita ya tatu yote. Pikosalfeti ya sodiamu iliyochanganywa na magnesi hunywewa kidogo tu, lakini huchota maji mengi mwilini, kwa hiyo mtu lazima anywe maji mengine ya kufidia. Bisakodili na sanamaki husukuma utumbo ukaze na kutoa kilichomo. Hutumika zaidi kama wasaidizi.

Moja ya dawa hizi nataka niiseme kwa sauti. Fosfeti ya sodiamu ya kunywa ilipendwa sana kwa sababu chupa yake ni ndogo na inafanya kazi haraka. Kisha ikaonekana kwamba kwa baadhi ya watu chembe za fosfeti huganda ndani ya figo na kuziharibu, wakati mwingine moja kwa moja. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kali kabisa juu yake, na chupa zilizokuwa zikiuzwa huko bila cheti cha daktari zikaondolewa sokoni. Mzee, mwenye shinikizo la damu anayemeza dawa za kupunguza maji mwilini, mwenye kisukari, mwenye moyo au figo dhaifu: hawa wasipewe dawa hiyo ya kunywa. Mgonjwa wako akiwa katika kundi hili, uliza jina la dawa kabla hajainywa.

Sasa turudi kwenye fundo letu.

Wakati mbinu za kuharisha zinabadilika, kulikuwa na watu waliotazama bakteria wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, Edgar Poth wa Texas alianza kuwapa wagonjwa dawa za salfa za kunywa zisizonyonywa sana, zibaki utumboni zifanye kazi humo humo. Mwaka 1973 Ronald Nichols na Robert Condon walieleza mpango wao uliokuja kuwa maarufu: gramu moja ya antibiotiki ya neomaisini pamoja na gramu moja ya nyingine, erithromaisini, mara tatu katika siku ya kabla ya upasuaji, baada ya mgonjwa kuharishwa. Miaka minne baadaye hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani zilichapisha jaribio la mpango huo. Wagonjwa wote waliharishwa vilevile. Nusu wakapewa vidonge vya kweli, nusu vidonge visivyo na dawa. Waliopata matatizo ya maambukizi walikuwa asilimia 43 katika kundi lisilo na dawa, na asilimia 9 katika kundi lenye dawa.

Tulia hapo kidogo. Makundi yote mawili yaliharishwa hadi yakawa safi. Kama kuharisha ndiko kunakolinda, isingewezekana karibu nusu ya wale wa kundi la kwanza waugue. Ushahidi ulikuwa mezani tangu mwaka 1977, lakini haukusomwa hivyo. Ulisomwa kama sifa ya vidonge tu, na kuharisha kukaendelea kuheshimiwa bila kupimwa.

Kisha njia zikagawanyika. Ikaja sindano ya antibiotiki ya mshipani, inayochomwa muda mfupi kabla ya kisu kugusa ngozi, nayo ikapunguza maambukizi vizuri sana. Huko Ulaya madaktari wengi wakaona vidonge sasa ni mzigo wa bure, wakaviacha, wakabaki na sindano na kuharisha. Marekani wengi waliendelea navyo kwa muda, kisha na huko vikaanza kufifia.

Kuharisha nako kukafikiwa na mizani. Mwaka 1987 madaktari wawili wa Uingereza, Irving na Scrimgeour, walichapisha habari za wagonjwa 72 waliofanyiwa upasuaji wa utumbo bila kuharishwa kabisa, na hali zao zilikuwa nzuri. Majaribio yakafuata. Mawili makubwa yalitoka mwaka 2007: moja la Uholanzi lenye wagonjwa zaidi ya 1,400, jingine la Sweden lenye zaidi ya 1,300. Katika lile la Uholanzi, maungio ya utumbo yalivuja kwa asilimia 4.8 ya walioharishwa na asilimia 5.4 ya wasioharishwa. Kitakwimu, hakuna tofauti. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, ya mwaka 2011 yaliyokusanya majaribio 18, watu zaidi ya 5,800, yalifika pale pale: kuharisha peke yake hakupunguzi kuvuja wala kuoza kwa kidonda.

Wengi walishangaa. Inawezekanaje utumbo ulioshwa usiwe salama kuliko ule wenye choo? Chukua sufuria lililopikiwa nyama ya mafuta, ulisuuze kwa maji baridi tu. Vipande vitaondoka, lakini pitisha kidole ukutani uone. Bakteria wengi wanaohusika na maambukizi wamejikita kwenye ute unaofunika ukuta wa utumbo, na maji yanayopita hayawang'oi ipasavyo. Zaidi ya hapo, choo kigumu daktari anaweza kukizuia kwa koleo na vitambaa, lakini maji machafu yaliyobaki baada ya kuharisha kusikokamilika hutiririka popote. Na mgonjwa mwenyewe anaingia kwenye upasuaji akiwa amekauka, hajalala, chumvi za mwili zimeyumba. Ikabidi aongezewe dripu nyingi, na dripu ikizidi, utumbo wenyewe huvimba.

Hoja hizi ziliingia vizuri katika harakati ya kumfanya mgonjwa apone haraka, iliyoanzia Denmark katika miaka ya 1990 kwa kazi ya Henrik Kehlet: asishindishwe njaa bila sababu, asitiwe mipira isiyo ya lazima, ainuke mapema. Kuharisha kukawa moja ya mateso yaliyopigwa marufuku. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, hadi leo unasema mgonjwa asiharishwe kama desturi kwa nia ya kuzuia maambukizi. Ndiye yule daktari wetu wa pili anayesema mwacheni alale.

Tatizo ni kwamba majaribio yale hayakuuliza habari za vidonge. Yalilinganisha kuharisha na kutoharisha katika nchi ambazo vidonge vilikuwa kwa sehemu kubwa vimeshatupwa kando. Kuharisha kulipoanguka, wengi walidhani maandalizi yote yameanguka, na vidonge vikazikwa humo bila kushtakiwa.

Waliovifufua ni wachambuzi wa kumbukumbu za hospitali nyingi za Marekani. Katika uchambuzi uliotoka mwaka 2015 na kuendelea, wagonjwa waliopata vyote viwili, kuharisha na vidonge, walikuwa na maambukizi na uvujaji takriban nusu ya wale ambao hawakuandaliwa kwa lolote. Kumbukumbu si jaribio. Huenda waliopewa vyote walikuwa na afya bora tangu mwanzo. Lakini ilitosha kulirudisha suala mezani. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wenye vipengele viwili ambavyo ningependa vibandikwe katika kila wodi ya upasuaji. Kwanza, mgonjwa mzima wa upasuaji wa kupangwa wa utumbo mpana apewe vidonge vya antibiotiki pamoja na kuharishwa. Hili lilipendekezwa kwa masharti, hospitali ipime hali yake. Pili, kuharisha peke yake bila vidonge kusitumike kuzuia maambukizi. Na hili lilisemwa kwa nguvu. Chama cha madaktari wa utumbo mpana cha Marekani nacho kilipendekeza vyote viwili kwa pamoja mwaka 2019.

Mwaka huo huo wa 2019 Finland ikaleta jaribio lililotia mchanga. Wagonjwa karibu 400 wa upasuaji wa utumbo mpana waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine waliharishwa na kupewa vidonge, wengine hawakuandaliwa kwa chochote. Waliopata maambukizi walikuwa asilimia 7 dhidi ya 11, tofauti ambayo kwa idadi ile ya watu inaweza kuwa bahati tu. Maungio yalivuja kwa asilimia 4 pande zote mbili. Wapinzani wa maandalizi wakasema kesi imekwisha. Nionavyo mimi haikwisha. Asilimia 7 dhidi ya 11 kwa watu 400 haisemi kwamba dawa haina kazi. Inasema jaribio lilikuwa dogo kuweza kuona faida ya kiasi hicho.

Kilichonivutia zaidi ni majaribio mawili yaliyolitenga swali la vidonge. Hispania, mwaka 2020, wagonjwa zaidi ya 500 wa utumbo mpana hawakuharishwa hata mmoja. Wote walipata sindano ya kawaida ya mshipani. Nusu wakaongezewa siprofloksasini na metronidazoli za kumeza siku moja kabla. Maambukizi yalikuwa asilimia 5 kwa waliomeza na 11 kwa wasiomeza. Ufaransa, mwaka 2022, wagonjwa 926 katika hospitali 11: dozi moja tu ya gramu moja ya onidazoli, saa 12 kabla ya upasuaji, ilishusha maambukizi kutoka asilimia 22 hadi 13. Kidonge cha usiku mmoja!

Weka hayo karibu na mapitio mapya ya Cochrane ya mwaka 2023, yaliyokusanya majaribio 21. Kati ya walioharishwa wote, waliopata na vidonge walikuwa na maambukizi pungufu kwa takriban asilimia 44, na uvujaji pungufu kwa takriban asilimia 40. Kila panapopimwa, kinachobeba mzigo ni vidonge. Kinachobaki kubishaniwa kwa haki ni kama kuharisha kunaviongezea nguvu, kwa kuondoa choo ili dawa ifike ukutani, au ni desturi tu tunayoiburuta.

Nikilazimika kuzipanga njia nne kwa upasuaji wa kawaida wa utumbo mpana, ningeweka vyote viwili juu, vidonge peke yake karibu sana na hapo, kutofanya kitu chini yake, na kuharisha peke yake mwisho kabisa. Mpangilio huu una maana kubwa, kwa sababu ile ya mwisho ndiyo rahisi kuagizwa kwa mazoea: ndugu anatumwa duka la dawa, anarudi na paketi, mgonjwa anaharisha, kila mtu anaridhika kwamba kazi imefanyika. Amepewa mateso yote bila ile sehemu inayolinda.

Kuna pahala kuharisha kunajitetea kwenyewe. Upasuaji wa puru, yaani kipande cha mwisho karibu na njia ya haja kubwa, si sawa na wa juu. Huko chini maungio huvuja zaidi, na daktari mara nyingi hutokeza kipande cha utumbo mdogo kwenye tundu la choo tumboni kwa muda ili choo kisipite kwenye mshono mpya. Kama utumbo mpana ulibaki umejaa, choo hicho kinakaa juu ya mshono hata baada ya kuchepusha njia. Jaribio la Ufaransa la mwaka 2010, wagonjwa 178 wa saratani ya puru, lilionyesha matatizo kwa asilimia 44 ya wasioharishwa dhidi ya 27 ya walioharishwa. Vilevile uvimbe ukiwa mdogo kiasi kwamba daktari huenda akahitaji kupitisha kamera ndani ya utumbo katikati ya upasuaji, utumbo uliojaa utamziba macho.

Na kuna pahala ambapo ni hatari. Utumbo ulioziba haupewi dawa ya kuharisha kwa mdomo. Mgonjwa ambaye tumbo limejaa upepo, hapati choo wala hatoi hewa, anatapika, ukimnywesha lita nne unaweza kuupasua utumbo wenyewe. Hapa Afrika Mashariki, ambako wengi hufika hospitali utumbo ukiwa tayari umejisokota au saratani imekwisha kuuziba, jambo hili si la pembeni. Wagonjwa hao hupasuliwa kwa dharura, na hayo yote ya maandalizi hayawahusu. Lakini utumbo uliojisokota ukifanikiwa kufunguliwa kwa mpira kupitia njia ya haja kubwa, mgonjwa akapangiwa upasuaji siku chache baadaye, anakuwa mgonjwa wa kupangwa kama wengine, na maandalizi kamili yanamstahili.

Tukubali pia kwamba majaribio karibu yote niliyoyataja yalifanyika katika nchi tajiri. Lita nne za maji safi na salama, choo kilicho karibu na kitanda, muuguzi wa kumwangalia mzee asianguke gizani akikimbilia msalani: kwenye wodi yenye wagonjwa 40 na vyoo viwili, haya ni sehemu ya matibabu kama ilivyo dawa. Kwa hali hiyo nadhani vidonge vina hoja kubwa zaidi kwetu kuliko kwa wenzetu. Metronidazoli ni rahisi na inapatikana karibu kila duka la dawa, nayo huua bakteria wasiotumia hewa, ambao ndio wengi zaidi humo. Haitoshi peke yake; inahitaji mwenzake wa kushughulikia bakteria wengine kama E. koli. Hapo ndipo penye ugumu, maana usugu dhidi ya siprofloksasini umeenea katika eneo letu. Shirika la Afya Duniani linapendelea dawa zisizonyonywa mwilini, kama neomaisini. Hospitali yenye maabara inayopima usugu itachagua vizuri kuliko ile inayonakili orodha ya Hispania. Na dozi ziishie siku hiyo moja. Kuzivuta hadi wiki ni kulea usugu bila kumwongezea mgonjwa kinga.

Lolote litakaloagizwa, sindano ya mshipani inabaki pale pale. Vidonge haviichukulii nafasi.

Kwa mgonjwa aliyeshapewa tarehe, maswali ya kumuuliza daktari si mengi. Unanipa dawa ya kuharisha? Kama ndiyo, kuna vidonge vya kufuatana nayo? Nivimeze saa ngapi, maana vikimezwa katikati ya kuharisha vinaweza kutoka navyo? Dawa zangu za kisukari, za presha na za kuyeyusha damu nizimeze au niziache siku hiyo? Insulini hasa: mtu asiyekula na anayeharisha, akijidunga dozi yake ya kila siku, sukari inaweza kushuka mpaka azimie. Usijiongezee sanamaki wala chumvi ya haluli kwa kudhani unamsaidia daktari. Na isipokuwa umekatazwa kwa sababu maalumu, vinywaji vyepesi visivyo na maziwa, kama maji au chai ya rangi, kwa kawaida huruhusiwa mpaka saa mbili kabla ya kupewa dawa ya usingizi. Kukaa na kiu tangu jana yake baada ya kuharisha usiku kucha ni kumwongezea mgonjwa upungufu wa maji alionao tayari.